Jiko la Safari: Uliza Kwanza Litalala Wapi

Mpwa wangu anayefanya kazi Thika alinipigia simu baada ya sala ya Isha. Akaniamkia kama ilivyo ada, "Shikamoo, Mjomba," kisha akanieleza haja yake. Yeye na vijana wenzake wanane wa msikitini kwao walikuwa wameazimia kwenda Kilimambogo, walale huko usiku mmoja katika mahema, wapande mlima, kisha warudi. Ruhusa za wazazi zilikuwa zimepatikana, mahema yameazimwa, nauli imechangwa. Jambo moja tu lilikuwa limewashinda.

"Hatujapatana jiko, Mjomba. Mmoja ataka la makaa, mwingine la gesi, na mwingine asema mawe matatu yatosha. Wewe ulikaa huku zamani. Njoo utuchagulie."

Nilicheka. Mtu wa kalamu, ambaye hata chai hupikiwa na mkewe, leo aitwa toka Mombasa hadi bara akachague jiko kana kwamba aposea mtu mke! Lakini nilipoiweka simu chini kicheko kilinikauka. Iko sababu, nami nitaieleza mahali pake. Asubuhi yake nilifunga mkoba wangu nikashika njia.

PWANI NA JIKO LITEMBEALO

Ndugu msomaji, usidhani kwamba jiko la kubeba ni jambo la wageni wapandao milima kwa starehe. Sisi watu wa Pwani tumekuwa nalo tangu babu na babu. Mtazame mwuza kahawa wa mitaa ya Mji wa Kale. Mkono mmoja ameshika dele la shaba, na mwingine vikombe avigonganishavyo ili watu wajue apita. Chini ya dele pana kijiko cha makaa, na kahawa yachemka huku mwenyewe atembea. Hilo ni jiko la safari kamili: jepesi, lina mkono wa kushikia, na limetengenezwa kwa kazi moja tu.

Watazame na mabaharia wa majahazi. Chombo ni cha mbao, tanga ni la nguo, kamba ni za makumbi, na kila kitu humo chataka kuwaka. Hata hivyo walipika wali na samaki katikati ya bahari. Walichukua sanduku la mbao, wakalijaza mchanga, wakauwasha moto wao juu ya mchanga huo. Walipokwisha kula, moto ulizimwa. Hapakuwa na baharia aliyelala na moto chomboni, maana alijua kuwa ukimtoroka hana pa kukimbilia ila baharini.

Na majumbani mwetu tulikuwa na seredani, ile ya kutolewa uani na kurudishwa kwa mkono mmoja. Mama zetu walipika juu yake, kisha wakaubandika mfuniko wa sufuria na kuupalia makaa juu, wali ukaiva juu na chini. Asiyewahi kula wali wa kupaliwa na aendelee kuisifu gesi yake. Mimi simo.

Hivyo niliondoka Mombasa hali nikiwa na hukumu yangu tayari kichwani: makaa. Nilikuja kuona kwamba hukumu ya ulimi si hukumu ya usalama.

KIANDUTU

Kutoka Nairobi tuliifuata ile barabara kuu pana iliyokamilishwa mwaka 2012, tukaipita Ruiru, tukaingia Thika, mji wa viwanda na mananasi. Mpwa wangu amepanga chumba pembezoni mwa Kiandutu, mtaa wa wanyonge ulioko nje kidogo ya mji. Jina lenyewe ni la Kikikuyu, na latokana na ndutu, yaani funza, wale waingiao katika vidole vya miguu. Lakini jina si mtu. Nilikuta humo watu wakarimu, wachapa kazi, na watoto waniamkiao njiani bila ya kunijua.

Nyumba nyingi za Kiandutu ni chumba kimoja cha mabati. Humo kuna kitanda, pazia, meza, ndoo ya maji, vyombo, watoto na jiko. Mtu akitaka kupika hulitoa jiko nje. Mvua ikinyesha hulirudisha ndani. Mgeni akija hulisogeza. Nilipokaa siku moja nikiangalia mambo haya nilijiambia: hawa wenzetu ndio wapiga kambi wa kweli. Kijana wa mjini apandaye mlima huishi na jiko la kubeba kwa siku mbili, akarudi akasimulia. Mtu wa Kiandutu huishi nalo mwaka mzima, wala hasimulii. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi nikaona heri niwaulize wanaokilalia.

Nje ya lango la mpwa wangu pana mama mmoja wa makamo auzaye chai, chapati na githeri. Huanza kazi kabla ya adhana ya Alfajiri, maana wateja wake ni vibarua wa viwandani. Nilimkuta na majiko mawili, moja la gesi na moja la makaa lenye udongo ndani.

"Mama," nikamwuliza, "mbona mawili?"

Akanitazama kama atazamavyo mwalimu mtoto aliyechelewa chuoni. "Mzee, chai ya saa kumi na moja haingoji makaa yashike. Na githeri ya saa sita haiwezi gesi, itanila faida yote. Kila jiko lina kazi yake."

"Na usiku wayaweka wapi?"

"Gesi naifunga pale juu ya mtungi, nalala. Hili la makaa halilali nami. Makaa yaliyobaki nayamimina ndani ya debe, nalifunika, yakosa hewa, yafa. Asubuhi nayatumia tena. Debe lenyewe lakaa nje, na jiko nalifunga kwa mnyororo lisiibwe."

Nikamwuliza kama majirani zake wote hufanya hivyo. Akanyamaza kidogo, akageuza chapati. "Wakati wa baridi, Mzee, watu wasahau. Mwezi wa saba huku ni baridi. Mtoto alia, mvua yanyesha, jiko li jekundu pale nje. Watu walivuta ndani."

Sikumjibu. Nililipa chai yangu nikainuka.

TULIYAPIMA MOJA MOJA

Siku ya pili tulikwenda sokoni Thika, mimi, mpwa wangu na wenzake wawili. Nitayaeleza majiko kama tulivyoyakuta, ili msomaji apate kujichagulia.

La kwanza ni mafiga, mawe matatu. Hayana bei wala mzigo, maana huyakuta uendako. Lakini hula kuni nyingi, moto wake huchezewa na upepo, na cheche moja katika nyasi kavu yaweza kuteketeza kilima. Tena Kilimambogo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1967. Katika hifadhi moto hauwashwi ila mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, wala kuni hazikatwi ovyo. Kijana wa mafiga akatoka katika shindano mapema.

La pili ni la makaa. Lile la bati tupu twalijua sote: huwaka upesi, na joto lake jingi hupotelea ubavuni. Miaka ya mwanzo ya 1980, wakati ambapo Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake mkubwa wa nishati mpya huko Nairobi mwaka 1981, wataalamu na mafundi wa Kenya walilitazama jiko la ndoo la Thailand wakalifanyia marekebisho. Wakatoa lile jiko lenye kiuno chembamba, nje bati na ndani udongo wa kuchomwa. Udongo hushika joto, na makaa huokolewa theluthi moja au zaidi. Mafundi wa jua kali wakalieneza nchi nzima. Na pale Ruiru, mwendo mfupi kutoka Thika, kilifunguliwa kiwanda mwaka 2014 kitoacho majiko ya makaa ya namna mpya yaitwayo Jikokoa, yaliyokusudiwa kutumia makaa machache zaidi.

Uzuri wa jiko la udongo ni kwamba moto wake hukaa, na ubaya wake safarini ni huo huo. Umekwisha kupika, wataka kulifunga mkobani, nalo lingali linaunguza. Huwezi kuliambia makaa "basi" likakusikia. Tena ni zito, na udongo hupasuka likianguka. Makaa nayo si rahisi tena. Februari 2018 Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, bei ya gunia ilipanda, na watu wa mitaa kama Kiandutu ndio walioumia kwanza.

La tatu ni la mafuta ya taa, nalo lina ndugu wawili. Ndugu mdogo ni la tambi. Ni rahisi, lakini hutoa moshi na harufu, na likipinduka mafuta humwagika yakawaka. Ndugu mkubwa ni la pampu, tuliloliita Primus kwa jina la kampuni yake. Asili yake ni Msuedi Frans Wilhelm Lindqvist, mwaka 1892. Kichwa chake hupashwa moto kwanza kwa spiriti. Kisha mafuta husukumwa kwa pampu, yakipita katika bomba la moto hugeuka mvuke, na mvuke ndio uwakao, kwa mwali wa buluu usio na masizi. Roald Amundsen alikwenda na jiko hilo mpaka Ncha ya Kusini mwaka 1911. Na mwaka 1953, Hillary na Tenzing walipofika kilele cha Everest, majiko ya namna hiyo ndiyo yaliyowayeyushia theluji wapate maji ya kunywa. Wazee wangu walilipenda kwa nguvu zake, ingawa ngurumo yake iliwaamsha majirani. Lakini lataka mkono uliozoea, maana ukizidisha pampu au ukikosea kulipasha, mwali hupanda hadi darini. Na mafuta yenyewe yaliacha kuwa nafuu ya maskini pale Septemba 2018, Serikali ilipoyatoza kodi ya shilingi 18 kwa kila lita ili kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli.

La nne ni la gesi. Kwa Kenya jiko la gesi la mnyonge ni mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Sufuria hukaa hapo hapo, halina bomba wala meza. Kodi ya gesi imepanda na kushuka. Mwaka 2021 ilirudishwa kwa asilimia 16, mwaka 2022 ikapunguzwa hadi 8, na mwaka 2023 ikaondolewa. Lakini jueni kwamba kilo 6 ni uzito wa gesi peke yake. Pamoja na chuma chake mtungi uliojaa wakaribia kilo 13, na huo si mzigo wa kupandia mlima. Jambo jingine ni mahali pa kujaza. Usimpe mtungi wako mtu ajazaye kichochoroni kwa bei ya kutupa. Tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, mlipuko katika mahali pa kujazia gesi pasipo na kibali uliua watu na kuunguza nyumba usiku. Nafuu ya shilingi mia haifai roho moja.

Gesi ina mtoto mdogo, nao ni ule mkebe wa gramu 230 au karibu na hapo, unaofungiwa kichomeo kidogo kinachoenea mfukoni. Huo ndio wapendwao na wapanda milima. Mkebe mmoja waweza kuchemsha lita kumi za maji au zaidi upepo ukiwa mtulivu. Angalia kilichomo ndani. Butani tupu huacha kugeuka mvuke panapokaribia kuganda maji, kwa hiyo katika kambi za juu za Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, asubuhi utawasha usiwake. Iliyochanganywa na propani huvumilia baridi zaidi. Wala usiuzungushie mkebe ukuta wa kukinga upepo pande zote, maana joto hurudi chini, mkebe ukapata moto, nao waweza kupasuka. Kinga upande utokako upepo tu.

Tena chakula kitakutana na urefu wa mahali. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Kila upandapo mita 300 hupungua nyuzi moja hivi. Kilimambogo, kwenye mita 2,145, maji huchemka kwa nyuzi 93 tu, na Mlima Kenya ndiyo kabisa. Maana yake ni kwamba maharagwe huchelewa mno kuiva, hata ukiyasomea. Mwenye kupanda na abebe mchele, tambi, mayai yaliyochemshwa na mikate. Githeri abaki nayo mama wa Kiandutu.

USIKU WA MWAKA 1993

Tulipokuwa tukirudi toka sokoni, mmoja wa vijana alisema neno la kawaida kabisa. "Mzee, la makaa lina faida moja. Usiku tutaliingiza hemani, litupe joto."

Nilisimama njiani. Nikawaambia tuketi chini ya mti, nikawaeleza habari ambayo kwa miaka mingi sikupata kuieleza, na leo nawaeleza wasomaji wangu pia.

Mwaka 1993 nilikuwa kijana wa miaka 23, nimekuja Thika kutafuta kibarua. Nilipanga chumba cha mabati pamoja na mwenzangu wa mtaa mmoja nami Mombasa, tuliyesoma naye chuo kimoja cha Korani. Ulikuwa mwezi wa Julai, mvua ya manyunyu na baridi isiyo na huruma kwa mtu wa Pwani. Nyufa za mabati tulikuwa tumezijaza magazeti. Usiku huo tulipika ugali na sukuma wiki nje ya mlango. Tulipomaliza, makaa yalikuwa mekundu bila ya moshi hata chembe. Mwenzangu akasema, "Tuliache nje." Mimi nikasema, "Litaibwa. Tena tutapata joto bure." Mimi ndimi niliyeliingiza. Mimi ndimi niliyefunga mlango.

Niliamka niliposikia adhana kwa mbali. Kichwa kilikuwa kikinipasuka, moyo unanichafuka, na miguu haikunitii. Sikuelewa nini kimenipata. Nilitambaa mpaka mlangoni, nikaufungua, nikaanguka matopeni, na mvua ndiyo iliyonizindua. Majirani walikuja wakamtoa mwenzangu. Hakuzinduka. Alizikwa Thika siku ile ile baada ya Alasiri.

Mimi ndiye niliyepeleka habari kwa mama yake. Mama yule hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu, "Alikuwa amekula?" Nikamjibu, "Alikuwa amekula, Mama." Hajauliza jingine mpaka alipofariki dunia, Mungu amrehemu.

Vijana wale walikuwa kimya. Nikawaeleza nilichokuja kukijua baadaye. Makaa yanayowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikoholeshi. Huingia katika damu na kuzishika chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikawa inazunguka mwilini bila ya kubeba pumzi. Mtu huhisi kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Aliyelala hahisi lolote. Makaa yaliyofunikwa na majivu, uyaonayo kama yamekufa, bado huitoa. Na hema ni baya kuliko chumba cha mabati, kwa sababu limeshonwa ili upepo usipite. Wala msidhani gesi au mafuta ya taa yamesalimika. Jiko lolote liwakalo hemani lililofungwa hula hewa ile ile muivutayo, na laweza kutoa sumu ile ile. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje penye hewa mara moja, kisha hospitali. Usingoje apate nafuu.

TULIKUWA TUMESOMA

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mimi na mwenzangu hatukuwa wajinga wa jambo hili. Tulikuwa tumelisoma. Katika Sura Al-Waqia Mwenyezi Mungu autaja moto kuwa ni ukumbusho, na kuwa ni manufaa kwa wenye kusafiri jangwani. Wanavyuoni hueleza kwamba msafiri ndiye anayeujua zaidi ubora wake, maana ndiye anayeuhitaji zaidi. Na katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim imo habari ya nyumba iliyoungua usiku mjini Madina pamoja na watu wake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoelezwa alitufundisha kwamba moto ni adui wa binadamu, na kwamba tunapotaka kulala tuuzime.

Tuliyahifadhi haya tukiwa watoto, mwalimu akiwa na bakora mkononi. Tukayachukulia kuwa ni maneno ya taa na vibatari, mambo ya zamani. Hatukudhani kwamba yanatuhusu sisi, vijana wa kisasa, katika chumba cha mabati cha Thika. Elimu ilikuwa kichwani, haikuteremka mkononi.

Basi hapo chini ya mti ndipo nilipoitoa hukumu yangu, nayo haikuwa ile niliyotoka nayo Mombasa. Nikawaambia: mtu akinunua jiko la nyumbani huuliza bei, ukubwa na lapikaje. Anunuaye jiko la safari na aulize kwanza, "Litalala wapi, na litazimika nitakapolitaka lizimike?" Jiko lisilojibu maswali hayo mawili, hata likiwa la dhahabu, lisiingie mkobani.

WALICHOCHUKUA

Tulikaa tukapiga hesabu. Kambi yenyewe haikuwa kileleni. Walikuwa walale karibu na lango la hifadhi, mahali gari lifikapo, kisha asubuhi wapande mlima pamoja na askari wa hifadhi, kwa sababu jina Kilimambogo si la mapambo, mbogo wenyewe wapo. Kwa hiyo hawakuwa na haja ya kununua jiko jipya. Mpwa wangu ana mtungi wake wa kilo 6 apikiao chumbani. Tukaujaza kwa muuzaji mwenye leseni. Tukaupaka povu la sabuni penye kichomeo kutazama kama wavuja, na haukutoa viputo. Mtungi huo ndio uliopika wali, mchuzi na chai kambini. Kwa mlimani wakabeba chupa tatu za chai ya tangawizi. Chupa ya chai haina moto, haina sumu, wala mbogo haiogopi.

Kwa baridi ya usiku, mama wa chai aliwafundisha dawa ya Kiandutu: jaza maji ya moto katika chupa imara, izungushie kitambaa, lala nayo miguuni. Bei yake ni maji tu.

Kama wangekuwa wakienda Mlima Kenya kwa siku nyingi ningewaambia wanunue ule mkebe mdogo uliochanganywa, na kichomeo chenye miguu mipana kisichopinduka kwa sufuria. Kama wangekuwa wakienda ufukoni Lamu au Takaungu kuchoma samaki, ningewaambia wachukue makaa bila ya wasiwasi, wapike mchangani, upepo wa bahari ukipita, kisha wayazime kwa maji kabla ya kulala. Sikuyakataa makaa, na wali wa kupalia bado naupenda. Ninachokataa ni kulala nayo.

Walirudi Jumapili jioni, wamechoka, wamechubuka, wanacheka. Mpwa wangu aliniambia kwamba usiku kulikuwa na baridi kali, na kwamba kabla ya kulala mmoja wao, yule yule wa makaa, alitoka hemani mara mbili na tochi kwenda kutazama kama mtungi umefungwa sawasawa. Nilifurahi kuliko alivyojua.

Kabla ya kuondoka nilimwendea mama wa chai kumuaga, nikamkuta analifunga jiko lake kwa mnyororo huku manyunyu yakianza. Debe lilikuwa nje, limefunikwa. Nikapanda matatu yangu, na mpaka tuifikie Ruiru nilikuwa nimetunga ubeti huu, nao nauacha kwa kila kijana mwenye safari:

Jiko unapochagua, kwanza hili uulize,
Jua likishakutua, ni wapi moto ulaze?
Sumu hutaitambua, moshi usijitokeze,
Zima kabla kusinzia, Mola umri akuze.